Si kila alaye tunda hupanda mti

Mti una tatizo ambalo mnyama hana: watoto wake hawawezi kuondoka kwa miguu yao. Mbegu ikikomaa huanguka, na isipopata wa kuichukua hubaki pale pale chini ya mti mama. Katika misitu ya tropiki upepo hausaidii sana, kwa sababu chini ya paa la majani hewa imetulia na mbegu nyingi ni nzito. Ndiyo maana kati ya nusu na asilimia 90 ya spishi za miti ya misitu hiyo, kutegemea msitu wenyewe, huzaa matunda ya kuliwa na wanyama. Popo, ndege, kima, tembo, panya, hata samaki, wote wamo katika kazi hii.

Maelezo ya shuleni kwa kawaida huishia hapo: mnyama anakula tunda, anakwenda kunya mbali, mti mpya unaota. Si uongo, ila yamerukwa mambo karibu yote yenye maana. Baadhi ya walaji wa matunda huua mbegu. Baadhi huzitema hatua chache tu kutoka mtini, na bado hufanya kazi nzuri. Ndege yule yule anaweza kuwa msambazaji hodari mwezi huu na wa hovyo mwezi ujao. Anayetaka kuelewa jinsi msitu unavyojizaa upya inambidi aifuatilie mbegu baada ya mlaji kushiba: imeishia wapi, na katika hali gani.

Hatari ya kukaa karibu na mama

Kwanza, kwa nini mbegu iondoke kabisa? Udongo wa chini ya mti mama umethibitika kufaa, kwani mama mwenyewe amekulia hapo.

Jibu linalotajwa zaidi lilitolewa na wanaekolojia wawili walioandika kila mmoja kivyake, Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971. Mti uliokomaa hukusanya maadui zake: wadudu waliozoea majani ya spishi hiyo, mende wanaotoboa mbegu zake, kuvu za udongoni zinazoshambulia mizizi yake. Mti mkubwa huvumilia. Mche wenye majani mawili hauna uwezo huo. Tena mbegu mia zikilala pamoja, adui aliyeipata moja amezipata zote. Ukisogea mbali na mama mbegu zinapungua, lakini nafasi ya kila moja kuishi inaongezeka, na miche mingi inayofika utu uzima ni ile iliyotoka nje ya duara la maadui.

Wazo hilo limepimwa katika misitu mingi. Halina nguvu sawa kwa kila spishi, lakini mwelekeo wake umeonekana tena na tena, na kuvu za udongoni zimekutwa zikifanya kazi kubwa katika jambo hilo. Linasaidia pia kueleza kwa nini hekta moja ya msitu wa Amazon inaweza kubeba zaidi ya spishi 200 za miti: hakuna spishi inayoruhusiwa kujirundika mahali pamoja bila kuandamwa na maadui wake.

Kuna suala la mwanga pia. Chini ya paa la msitu ni giza, na miche ya spishi nyingi husubiri mti mkubwa uanguke ili ipate pengo. Hakuna ajuaye pengo litafunguka wapi, kwa hiyo mti unaotawanya mbegu zake kila upande una nafasi zaidi ya kulipata. Halafu kuna ardhi tupu. Mlima wa volkano wa Krakatau ulipolipuka mwaka 1883, visiwa vyake nchini Indonesia vilifunikwa na majivu. Mitini ilikuwa miongoni mwa miti ya msituni iliyorudi mapema, ikiwa imevushwa bahari matumboni mwa ndege na popo.

Nauli inayolipwa kabla ya safari

Tunda ni nauli, ila nauli yenye kasoro: hulipwa mwanzoni, na abiria hana namna ya kumdai dereva amfikishe. Mnyama akishapata sukari au mafuta yaliyomo, mbegu kwake ni uzito wa bure. Kwa hiyo sehemu kubwa ya umbile la tunda inaelezeka kama juhudi za kumpata mchukuzi asiyeharibu mzigo wala kuushusha mapema mno.

Juhudi ya kwanza ni muda. Tunda ambalo mbegu zake hazijakomaa huwa gumu, chachu, chungu au lenye sumu, na rangi yake hufanana na majani. Likiiva, vyote hugeuka kwa siku chache. Ya pili ni kuchagua wateja. Ndege huona rangi vizuri kuliko wanyama wengi wanyonyeshao, na matunda yao mara nyingi ni madogo, mekundu au meusi, yasiyo na harufu kubwa. Popo huja usiku, hivyo matunda yanayowategemea huweza kubaki ya kijani au ya hudhurungi hata yakiiva, lakini hunukia sana, na huning'inia nje ya majani ambako mabawa hayatakwama. Matunda ya tembo ni makubwa, huanguka chini yakiwa mazima, na harufu yake huenea mbali. Haya ni maelekeo tu. Msitu haujagawanywa kwa hati, na tini moja linaweza kuliwa na ndege asubuhi, kima mchana na popo usiku. Duniani kote kumeorodheshwa zaidi ya spishi 1,200 za ndege na wanyama wengine wanaokula tini za aina mbalimbali.

Mfano ninaoupenda zaidi wa kuchagua wateja ni pilipili za mwituni, ambazo asili yake ni bara la Amerika. Mwaka 2001 Joshua Tewksbury na Gary Nabhan walionyesha, kwa utafiti uliofanyika kusini mwa Arizona, kwamba mbegu za pilipili zilizoliwa na wanyama wadogo wa jamii ya panya hazikuota, kwa kuwa meno yalizisaga, ilhali zilizopita tumboni mwa ndege ziliota sawasawa. Ndege hawasikii ukali wa pilipili. Panya wanausikia. Ukali ule ni kinga dhidi ya mteja mharibifu, nao haumkeri hata kidogo mteja anayetakiwa. (Kwamba binadamu wameupenda ukali huo na kuieneza pilipili dunia nzima, hilo ni jambo ambalo hakuna mmea ungeliweza kulitarajia.)

Yanayotokea mdomoni

Wasagaji ndio hasara kwa mti. Kasuku wengi hulifuata kokwa lenyewe na kulipasua kwa mdomo. Ninga humeza tunda zima kwa adabu, lakini firigisi yake yenye misuli na changarawe husaga mbegu nyingi anazokula. Mbega, ambaye tumbo lake limezoea majani na vyakula vigumu, hutafuna mbegu kama chakula halisi. Ukihesabu tu ni wanyama wangapi waliotembelea mti kwa siku, hawa wote wataonekana kuwa wasambazaji. Hesabu za namna hiyo zimewahi kupotosha picha ya nani anafanya nini msituni.

Watemaji wanahukumiwa vibaya bila haki. Kima wengi wa Afrika na Asia wana vifuko mashavuni. Hujaza matunda upesi upesi, husogea hadi mahali salama, kisha huyanyonya wakiwa wametulia na kutema mbegu moja moja. Umbali ni mdogo, pengine makumi machache ya meta. Lakini mbegu hutua ikiwa safi, imevuliwa nyama yote, na iko peke yake. Kwa mujibu wa lile wazo la maadui, meta 30 peke yako zinaweza kuwa bora kuliko kilometa mbili ukiwa umebanana na wenzako 300 katika rundo moja la kinyesi. Hata nsya na funo wamo katika kundi hili: humeza matunda yaliyoanguka, kisha wakiwa wanacheua hutema kokwa ngumu zisizotafunika.

Wamezaji ndio wanaosifiwa, na kwa kiasi kikubwa wanastahili: hondohondo, tukani, popo wakubwa, fungo, sokwe mtu, gorila, tembo, na yule ndege mkubwa asiyeruka wa Australia na Guinea Mpya aitwaye kasuari. Hapa kuna kanuni moja rahisi ambayo itarudi mbele: huwezi kumeza kisichopita kooni. Upana wa mdomo wa ndege unaweka kikomo cha mbegu anazoweza kubeba. Mbegu ndogo kama za mtini inaweza kuchukuliwa na karibu kila mnyama. Mbegu yenye ukubwa wa yai ina wateja wachache sana.

Kuhusu tumbo lenyewe, kuna imani kwamba tindikali hulainisha ganda la mbegu na bila hiyo mbegu haioti. Kwa baadhi ya spishi ni kweli. Lakini katika spishi nyingi msaada mkubwa ni mdogo kuliko huo: nyama ya tunda imeondolewa. Nyama hiyo huwa na kemikali zinazozuia mbegu kuota, na ikioza hualika kuvu. Mbegu iliyobaki ndani ya tunda lililooza chini ya mti mara nyingi huoza nalo. Tofauti inaweza kuwa kubwa ajabu. Kwa mti wa Australia uitwao Ryparosa, watafiti walikuta mbegu zilizotoka tumboni mwa kasuari zikiota kwa asilimia 92, wakati zile ambazo hazikupita huko ziliota kwa asilimia 4 tu. Si kila mti uko hivyo. Spishi nyingine haziongezi wala kupunguza kitu kwa kupita tumboni, na nyingine hupoteza baadhi ya mbegu humo. Faida yao ni usafiri tu.

Umbali, na mahali pa kushuka

Umbali unategemea mambo mawili: mbegu inakaa tumboni muda gani, na mnyama anatembea kiasi gani katika muda huo.

Tembo wa msituni wa Afrika ya Kati hukaa na mbegu tumboni kwa siku kadhaa huku wakitembea. Stephen Blake na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka kaskazini mwa Jamhuri ya Kongo, walipekua marundo 855 ya kinyesi cha tembo na kukuta mbegu za spishi 96 za mimea, na kwa kuunganisha hesabu hizo na nyendo za tembo waliovalishwa mikanda ya redio waliona kwamba mbegu zinaweza kufikishwa hadi kilometa 57. Kinyesi chenyewe ni mbolea. Popo mkubwa wa rangi ya nyasi kavu, Eidolon helvum, ni mnyama mwepesi kabisa ukimlinganisha, lakini kwa sababu anaruka mbali kutafuta chakula kila usiku, watafiti nchini Ghana walikadiria kwamba anaweza kupeleka mbegu ndogo hadi kilometa 75. Isitoshe, popo hunya wakiwa angani, hata juu ya mashamba yaliyoachwa, wakati ndege wengi husubiri mpaka watue kwenye tawi. Kwa ardhi isiyo na mti hata mmoja, tofauti hiyo ni kubwa.

Katika Amazon, mito inapofurika na kuingia msituni, samaki walao matunda huogelea kati ya vigogo. Mmoja wao, Colossoma macropomum, ameonekana kuweza kusafirisha mbegu zaidi ya kilometa tano.

Takwimu za umbali huvutia, na waandishi tunazipenda kupita kiasi. Kwa mbegu, mahali pa kushuka huwa na uzito uleule au zaidi. Huko Monteverde, Kosta Rika, Daniel Wenny na Douglas Levey walifuatilia mti uitwao Ocotea endresiana na ndege watano wanaomeza matunda yake. Wanne kati yao waliziacha mbegu karibu na mti mama, ndani ya kivuli. Wa tano alikuwa ndege ambaye dume lake huimba kutwa nzima juu ya matawi makavu pembezoni mwa mapengo ya msitu ili kuvutia majike. Anakula, anarudi jukwaani, anaimba, anatapika mbegu. Mbegu zake zilitua mara kwa mara kwenye mwanga, na miche yake ikaishi zaidi kwa kuwa kuvu haikuishambulia kama ile ya kivulini. Ndege huyu hajui lolote kuhusu miche. Mti unanufaika kwa sababu ya mapenzi yake.

Gorila wa Lopé nchini Gabon wana hadithi inayofanana. Usiku hulala kwenye viota wanavyotengeneza, na mara nyingi huvitengeneza mahali palipo wazi kidogo, penye mimea laini. Kabla ya kuondoka asubuhi hujisaidia hapo hapo. Mbegu za mti wa Cola lizae zilizoachwa kwenye sehemu hizo za kulala zimekuwa zikistawi kuliko zile zilizoachwa kwingine msituni.

Hondohondo wanaonyesha upande wa pili. Nje ya majira ya kuzaa, huruka kilometa kadhaa kutoka mti mmoja hadi mwingine na kutawanya mbegu njia nzima. Majira ya kuzaa yakifika, jike hujifungia ndani ya tundu la mti na kuziba mlango kwa matope na uchafu mpaka ubaki ufa mwembamba. Dume humletea matunda wiki baada ya wiki, na mbegu hurundikana chini ya tundu kama zilizomwagwa na gunia. Ni ndege yule yule, wa matunda yale yale, lakini sasa amezirudisha mbegu kwenye msongamano ambao zilikuwa zinaukimbia.

Mbegu ikishatua

Rundo la kinyesi halidumu. Mende wa mavi hufika haraka, hukata vipande, huviviringisha na kuvifukia ili watage humo. Mbegu zilizomo huzikwa pamoja navyo. Zikifukiwa sentimeta chache, zimejificha kutoka kwa panya na ziko kwenye unyevu. Zikifukiwa kina kirefu mno, haziibuki tena. Mende hajali, anachotaka ni mavi.

Panya wenyewe ni kigeugeu. Panyabuku wa misitu ya Afrika hula mbegu, na kwa mtazamo huo ni adui. Lakini wakati wa wingi huzificha nyingine ardhini kwa matumizi ya baadaye, na baadhi husahaulika au mwenyewe huliwa kabla ya kurudi. Katika msitu wa Nyungwe nchini Rwanda, watafiti wamekuta panyabuku wakisambaza kwa njia hiyo mbegu nzito za mti uitwao Carapa ambazo zinginevyo zingebaki chini ya mti mama.

Mfano mashuhuri zaidi unatoka Panama. Mwaka 1982 Daniel Janzen na Paul Martin walipendekeza kwamba matunda kadhaa makubwa ya Amerika ya Kati yaliumbika kwa ajili ya wanyama wakubwa ambao wametoweka takriban miaka elfu kumi iliyopita, wakiwemo jamaa wa tembo. Kama ni hivyo, miti hiyo imeishije miaka yote hiyo bila wachukuzi wake? Patrick Jansen na wenzake walifunga vifaa vidogo vya redio kwenye mbegu za mchikichi mmoja wenye kokwa kubwa wa huko, na kumfuatilia aguti, mnyama wa jamii ya panya mwenye ukubwa wa sungura. Walikuta aguti anafukia mbegu, aguti mwingine anaiiba na kuifukia kwingine, wa tatu anaiiba tena. Mbegu moja ilifukuliwa na kufukiwa upya mara 36. Nyingi zilivuka meta mia moja kutoka zilikoanzia. Wezi, kwa kuibiana, walikuwa wakifanya sehemu ya kazi ya wanyama waliokufa zamani.

Nani kweli anamhitaji nani

Kuna kisa kinachosimuliwa sana kuhusu dodo, yule ndege wa kisiwa cha Morisi aliyetoweka katika karne ya 17. Mwaka 1977 Stanley Temple aliandika kwamba mti uitwao tambalakoke ulikuwa umebakiza miti 13 mizee tu, yote ya zaidi ya miaka 300, kwa sababu mbegu zake hazikuweza kuota bila kusuguliwa kwenye firigisi ya dodo. Aliwalisha bata mzinga kokwa hizo, na chache zikaota. Kisa kilienea duniani kote. Baadaye wengine walionyesha kwamba jaribio halikuwa na mbegu za kulinganishia ambazo hazikulishwa kwa ndege, kwamba mbegu huweza kuota bila kupita tumboni, na kwamba miti michanga zaidi ipo. Mti umeathiriwa pia na wanyama wageni kisiwani na magonjwa.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu wasomaji wengi bado wanakiamini, na kwa sababu kinatoa picha isiyo sahihi ya jinsi mambo haya yanavyokwenda. Ndoa ya mti mmoja na mnyama mmoja ni nadra. Mti wa kawaida una wasambazaji wengi, na kila mnyama hula matunda ya spishi nyingi. Ni wavu uliolegea, na ukikata uzi mmoja mara nyingi mingine hushika.

Ila wavu haujalegea kila mahali sawa. Kadiri mbegu inavyokuwa kubwa, nyuzi zinapungua. Mti wa Balanites wilsoniana, unaopatikana katika misitu ya Afrika ikiwemo Kibale nchini Uganda, una kokwa kubwa ambalo tembo ndiye anayeweza kulimeza na kulipeleka mbali. Huko Kibale mbegu zilizopita tumboni mwa tembo zimeonekana kuota vizuri zaidi kuliko ambazo hazikupita. Hapo neno utegemezi halijatiwa chumvi.

Msitu unaonekana mzima

Watu huwinda wanyama wakubwa kwanza, kwa kuwa wana nyama nyingi. Na wanyama wakubwa ndio wenye makoo mapana. Kwa hiyo pigo la kwanza huangukia mbegu kubwa, bila shoka la mtu yeyote kugusa mti. Miti iliyokomaa inaweza kusimama karne nzima ikichanua na kuzaa kama kawaida, na picha ya setilaiti haitaonyesha tofauti. Upungufu uko chini, kwenye umri wa miche.

Katika milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, Norbert Cordeiro na Henry Howe walichunguza mti unaopatikana eneo hilo, Leptonychia usambarensis, ambao mbegu zake huchukuliwa na ndege. Matokeo yao ya mwaka 2003 yalionyesha kwamba katika vipande vidogo vya msitu vilivyozungukwa na mashamba, ndege wanaomeza matunda hayo walikuwa wachache, mbegu chache zaidi ziliondolewa mtini, na miche ilijikusanya chini ya miti mama. Hapo hakukuhitajika bunduki. Ilitosha msitu kukatwa vipande ambavyo baadhi ya ndege hawakai.

Milima hiyo hiyo inaonyesha pia kwamba wasambazaji hawana uzalendo. Maesopsis eminii, mti wa mbao ulioletwa huko na watu, umeenea ndani ya msitu wa asili kwa msaada mkubwa wa hondohondo wanaopenda matunda yake. Kwao tunda ni tunda.

Nchini Brazil, katika msitu wa pwani ya Atlantiki, Mauro Galetti na wenzake walilinganisha mchikichi uitwao Euterpe edulis katika maeneo yenye tukani na ndege wengine wakubwa na maeneo ambayo ndege hao wamekwisha. Katika maeneo ya pili mbegu zimekuwa ndogo, na zile za zaidi ya milimita 12 karibu hazipo, kwa kuwa ndege wadogo waliobaki hawawezi kuzimeza. Ripoti yao ya mwaka 2013 inakadiria kwamba badiliko hilo la kimaumbile limetokea ndani ya takriban miaka 100. Mbegu ndogo hukauka upesi zaidi, jambo lisilo jema kama ukame utaongezeka. Suala la kaboni nalo limo humo: katika misitu mingi miti yenye mbegu kubwa huelekea kuwa mirefu na yenye mbao nzito, kwa hiyo msitu uliopoteza wasambazaji wakubwa unaweza, kizazi baada ya kizazi, kuhifadhi kaboni pungufu hata kama idadi ya miti haijabadilika.

Kurekebisha kunawezekana kwa kiasi. Mahali palipokatwa miti, kusimamisha matawi makavu au kuacha mitini michache kunawapa ndege pa kutua, na mbegu huanza kuanguka chini yake. Njia hii huleta zaidi mbegu ndogo. Jaribio la kijasiri zaidi limefanyika Ile aux Aigrettes, kisiwa kidogo kando ya Morisi, ambako kobe wakubwa wa asili walitoweka zamani. Tangu mwaka 2000 wameletwa kobe wakubwa kutoka Aldabra, Shelisheli. Wanakula matunda ya Diospyros egrettarum, mti wa jamii ya mwebano (ebony) ambao ulikatwa sana, na mbegu zake zimeonekana zikiota vizuri baada ya kupita matumboni mwao, na miche imejitokeza sehemu ambazo miti mama haipo tena.

Kobe anaweza kubebwa kwa mashua. Tembo wa msituni, ambao mwaka 2021 waliorodheshwa kimataifa kuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, hawana mbadala wa namna hiyo. Kumbukumbu za miaka mingi kutoka Dzanga, Jamhuri ya Afrika ya Kati, zinaonyesha kwamba jike huzaa mara ya kwanza akiwa na miaka 23 hivi, kisha hupita miaka mitano au sita kabla ya ndama mwingine. Ujangili ukikoma leo, idadi yao itahitaji miongo mingi kurudi ilipokuwa, na katika muda huo wote kokwa ambazo ni tembo tu wa kuzimeza zitaendelea kuangukia chini ya miti iliyozizaa.